Tulivyomtafuta Mtu wa Kutushtaki

Karatasi ya asiransi kwetu ilikuwa dawa ya barieri, vile vizuizi vya njiani. Waliosoma wanaiita bima, na wanasema kazi yake ni kumkinga mtu na hasara. Sisi tuliibandika kwenye kioo cha kamyo, lori letu, ili askari wa barabarani wakose la kusema, na hata hivyo walilipata. Tangu Mama anunue kamyo ile, sikuwahi kusikia kwamba mtu yeyote wa Masisi aligonga kitu akaenda mwenyewe kuwaambia asiransi. Watu wangemwombea.

Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda Goma kuinunua karatasi hiyo, kwa sababu nilikuwa na diploma ya sekondari na Kifaransa changu kilitosha kumuudhi mtu wa ofisi. Mama hakupenda ofisi. Alizaliwa upande wa Butembo, akaja Masisi na baba kufuata biashara, wakafungua duka la chumvi, sabuni, ndala na betri. Kamyo ilipopatikana, kaka yangu alipewa usukani, mimi nikapewa karatasi. Mpaka leo naona kwamba kaka alipendelewa.

Ilikuwa miaka ya vita. Nikisema hivyo watu wananiuliza vita ipi, nami nawauliza wao walikuwa wapi kati ya moja na nyingine. Barabara ya kutoka Masisi kwenda Sake, asubuhi ungesalimia serikali, saa sita ungesalimia watu wengine kabisa wenye bendera yao, na jioni wengine tena wasio na bendera. Wote walitaka kuona asiransi. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana, na ingefaa mazungumzo ya amani yaanzie hapo.

Basi Ijumaa moja ya Kwaresima tulikuwa tunateremka kwenda Goma na maharage. Mama alikaa mbele na rozari yake, kaka akiendesha, mimi nilikuwa juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Mushaki, juu ya Sake, ilikuwa na ukungu wake wa kawaida, ule ambao huoni mkono wako mpaka ukupige usoni. Ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya barabara anatafuna, anawaza mambo yake. Kaka alikanyaga breki. Breki zilichelewa kidogo kukubali. Tukamgonga.

Hakuna mtu aliyeumia, isipokuwa mimi niliangukiwa na gunia, na hakuna aliyenipa pole. Taa moja ya kamyo ilivunjika na bati la mbele likapinda. Ng'ombe alilala kando ya barabara, miguu ya mbele imevunjika, anatutazama kwa dharau. Alikuwa wa fermu moja kubwa ya mifugo ya pale, ambayo mwenyewe alikuwa mtu mzito wa Goma. Msimamizi wake aliteremka kutoka kilimani na fimbo, akamwangalia ng'ombe, akamwangalia kaka, kisha akafanya wanavyofanya watu wa pale: akaomba kisu.

Lazima nieleze desturi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotutia katika balaa yote. Mnyama akigongwa upande ule, hawamwachi afe peke yake. Anachinjwa papo hapo, na ini linachomwa kando ya barabara. Aliyegonga anakula kipande cha kwanza, mwenye mali anakula cha pili, na waliopo wote wanakula pia ili wawe mashahidi. Mwenye mali akiwa mbali, anatumiwa ulimi. Mkishakula, maneno yameisha. Aliyekula hawezi tena kushtaki. Akijaribu, atachekwa kutoka Mushaki mpaka Rubaya, na hakuna atakayemsaidia hata kuinua mzigo. Aliyegonga naye hasahau. Kaka pale pale aliahidi kuwa atawateremshia jibini zao, zile fromaji, mpaka Sake msimu mzima bila kuwatoza kitu, na msimamizi akasema hiyo ni akili ya mtu mzima.

Nyama ilikuwa nzuri. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, najua. Nilimwambia Mungu kwamba hii si nyama, ni ajali, na sikusikia akikataa.

Wakati huo ndipo komanda wa polisi alipotokea kwenye ukungu. Alikuwa mgeni, ametoka magharibi ya mbali, na Kiswahili alikuwa anajifunza kwa kutuhoji. Alikuwa kijana safi, amepiga pasi shati lake Mungu ndiye anajua kwa makaa gani. Ubaya wake mkubwa, ambao tulikuwa hatujaujua bado, ni kwamba alikuwa hali rushwa. Polisi wa namna hiyo hatukuwa tumezoea, na hatukujua wanashikwaje.

"Kuko ajali," alisema.

"Ilikuwa, komanda," msimamizi akamjibu huku anajipangusa mdomo. "Ilishaisha. Karibu, ini ingali na moto."

"Mwili iko wapi?"

Watu walitazamana. Palikuwa na ngozi, kichwa, na moshi. Wamama wawili walikuwa tayari wanapanda kilima na paja.

"Nani aligonga?"

Kaka aliinua mkono, na mkononi mlikuwa na kipande cha ini. Akakamatwa hapo hapo, kwa kugonga mali ya watu na kwa kuharibu ushahidi akishirikiana na kijiji kizima. Mashahidi aliowaita wote walikuwa wanatafuna.

Walimweka kasho, chumba kile cha mbao nyuma ya posti ya polisi ambamo wafungwa wanalala juu ya majani. Mimi na Mama tulimfuata komanda ndani, nikatoa Kifaransa changu cha diploma. Kwa bahati mbaya alikijua kuliko mimi. Akatueleza kwa upole, tena kwa Kiswahili, ili Mama asikie.

"Mama, dosie ya kesi nilishafungua. Mi siwezi kuifunga mwenyewe, sheria inakataza. Mwenye mali anakuja, anashitaki. Kisha kama alisamehe, anaondoa mashitaka, tunaandika ku PV, ile karatasi ya polisi, bote banatia sahihi, mutoto anarudia kwake. Njo inakuwaka vile."

"Lakini mwenye mali hana shida na sisi," nikamwambia. "Msimamizi wake alikula. Hakuna aliyeshtaki."

"Njo mubaya," akasema. "Kama hakuna mwenye alishitaki, nani ataondoa?"

"Na asipopatikana?"

"Natuma dosie ku parke ya Goma, kwa waendesha mashitaka ba serikali. Batamuita."

"Lini?"

"Vita ikiisha."

Mama alimwuliza kwa adabu kama kuna namna nyingine ya kuelewana. Komanda akasema kwamba hakusikia swali hilo, na akamwomba asilirudie. Mama alitoka nje ametahayari kama mtu aliyekuta duka limefungwa mchana.

Ningecheka, na kweli nilianza kucheka, lakini sote tulijua jambo moja ambalo halikuwa la kuchekesha. Kila kikosi kilipopanda kwenda misitu ya Walikale, kilipita kwenye kasho za barabara hii na kuchukua wafungwa wabebe sanduku za risasi. Wafungwa hawana mtu wa kuwaulizia, ndiyo sababu. Tuliwafahamu vijana waliobebeshwa hivyo. Wengi hawakurudi, na jirani yetu aliyerudi alikuwa hataki tena kukaa chumba chenye mlango. Na huko Sake, watu walikuwa wanasema, kikosi kingine kilikuwa kinajipanga.

Komanda alijua pia. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasema kwa sauti ndogo: "Dada, basoda bakifika hapa bako na bunduki. Mi niko na filimbi. Unitafutie mwenye kushitaki. Mbio."

Ndivyo nilivyoanza kumtafuta mtu wa kumshtaki kaka yangu. Katika nchi ambayo watu wanashtakiana kwa sababu ya kuku, nilidhani itakuwa kazi ya dakika chache.

Nilianza na msimamizi. Nilimkuta zizini, nikamwomba ateremke posti, ashtaki, kisha aondoe. Atashtaki asubuhi, ataondoa kabla chai haijapoa. Alinitazama kana kwamba nimemwomba aibe sadaka kanisani.

"Dada, mi nilikula. Wewe mwenyewe uliniona."

"Nilikuona. Lakini shtaki kidogo tu."

"Nishitaki nini? Ile ng'ombe iko mu tumbo yangu. Na kaka yako ni muntu muzuri, atatubebea fromaji. Siwezi kumufanyia mubaya."

"Ukimfanyia mabaya ndiyo utamsaidia!"

"Hapana, dada. Mambo kama hiyo inaleta laana." Na akanipa chupa ya maziwa nimpelekee Mama. Nilitamani kumpiga nayo.

Nikaenda Goma kwa mwenye fermu mwenyewe. Huyu nilikuwa na matumaini naye makubwa, kwa sababu alikuwa anajulikana kuwa mtu mbaya. Alikuwa amewashtaki ndugu zake kwa ajili ya uzio, na mchungaji wa kanisa lake kwa ajili ya kinanda. Nilimkuta barazani, tumbo mbele, amefurahi. Kabla sijafungua mdomo akaniambia kwamba ulimi ulifika salama, mkewe ameuchemsha na nyanya, na nimwambie kaka yangu pole sana kwa ile taa.

"Papa," nikamwambia, "tafadhali mshtaki."

Nilimweleza yote. Alisikiliza vizuri, na kwa kitambo nilimwona anatamani, kwa sababu kushtaki kulikuwa katika damu yake. Kisha akatikisa kichwa.

"Kama ningejua mbele ya kula, ningekusaidia. Sasa nilikula. Wachungaji wangu wakisikia nilikula ulimi kisha nikaenda ku polisi, nani atabaki kuchunga ng'ombe mu vita hii? Bataniacha, na bale benye bunduki batabeba yote. Hapana, mutoto yangu. Umwambie kaka yako mi simuwekei kinyongo."

Hakuna mtu aliyekuwa na kinyongo. Sijawahi kuishi kati ya watu wema kiasi kile, na sijawahi kuwachukia watu kiasi kile.

Ikabaki asiransi. Ofisi ilikuwa ghorofani, na mtu wa pale alikuwa anasinzia nyuma ya dirisha dogo. Nilipomwambia nimekuja kutangaza ajali alikaa wima, akavaa miwani, akauliza, "Ajali ya kweli?" Nadhani nilikuwa wa kwanza. Alifuta meza kwa kiganja, akaniketisha, na kwa muda tulikuwa wote wawili tunaheshimiana sana.

Aliuliza kuhusu ukungu, breki, na mahali. Kisha akauliza ng'ombe alikuwa anafanya nini.

"Amesimama."

"Hakuwa anakimbia risasi?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu, dada, kama alikuwa anakimbia risasi, hiyo ni vita, na mambo ya vita asiransi hailipi. Kama alikuwa amesimama tu kwa mapenzi yake, ni ajali. Lazima nijue nia yake."

"Papa, sikumwuliza. Nilikuwa juu ya magunia."

Alikubali kwamba pengine ng'ombe alisimama kwa mapenzi yake. Tutatuma mtaalamu, akasema. Nilimwuliza mtaalamu atafika Mushaki lini, ingawa nilijua atakavyojibu. Vita ikiisha. Nikamwambia ukweli, kwamba hatutaki kulipwa chochote, tunataka asiransi wamshtaki kaka, hata kwa barua fupi, ili waweze kuondoa. Alivua miwani. Alisema hajawahi kusikia mteja anaomba hivyo, na asiransi haiwezi kumshtaki mtu ambaye haijamlipia kitu, na haiwezi kulipa kitu bila kuona maiti.

"Mlete mwili wa ng'ombe," akasema. "Bila mwili hakuna ajali."

Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia, katika ofisi nyingine.

Miaka ya nyuma, baba yetu naye nilikwenda kumtangaza. Kaka na baba walikuwa wamekwenda upande wa Walikale kuchukua mafuta ya mawese. Kwenye daraja moja baba aliteremka kuzungumza na watu wa barieri, kwa sababu yeye alikuwa na maneno matamu kuliko kaka. Risasi zikalia. Kaka alirudi nyumbani na kamyo nzima, mapipa yote ya mafuta, na kiti cha baba kitupu. Hatukuona maiti. Mimi ndiye niliyekwenda ofisini kusema kwamba baba amekufa, na mtu wa pale akaniuliza mwili uko wapi, nikasema hakuna, akaniambia basi hawezi kuandika kifo. Akaandika kwamba hayuko. Mpaka leo, kwa serikali, baba yangu hayuko tu, kama mtu aliyetoka kidogo kununua sigara.

Mama alifanya matanga bila jeneza. Aliuza yale mafuta, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshafika na wateja walikuwa wanasubiri. Mama hakumwuliza kaka hata swali moja. Alimpikia, alimfulia, alimpa usukani tena, na jina la baba lilipotajwa mezani alisimama kwenda kuangalia moto. Sisi wote tulisema ni ajali. Neno hilo lilitufaa, kwa sababu halikutaka maelezo. Mimi pia nilitaka kuuliza, na niliogopa nitakachosikia, nikanyamaza kwa uoga wala si kwa heshima.

"Na kamyo hii," mtu wa asiransi alikuwa ananiuliza, "ilishawahi kupata hasara nyingine?"

"Hapana," nikamjibu. "Ni ng'ombe tu."

Niliporudi Sake, basoda, wale wanajeshi, walikuwa wanapakia. Magari yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, na sanduku zilikuwa zinapita mikono kwa mikono. Nilimwambia mwenye pikipiki apande Mushaki kana kwamba ameiba hiyo pikipiki. Alinielewa haraka mno, akanishusha pale posti.

Mama alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya meza ya komanda, sufuria ya ugali miguuni, kwa sababu mfungwa ambaye hana mama hapewi kitu. Komanda alisimama aliponiona.

"Ulipata nani?"

"Hakuna," nikasema. "Msimamizi alikula, mwenye ng'ombe alikula, asiransi wanataka maiti. Mushaki nzima ilikula. Basoda wako Sake, wamemaliza kupakia."

Komanda alikaa chini taratibu. Alitoa filimbi mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mi sikula," Mama akasema.

Tuligeuka wote.

"Ilikuwa siku ya tano, Ijumaa ya Kwaresima," akasema. "Mukristu hakulaka nyama." Alinitazama kidogo. Mimi nilitazama bati la juu, ambalo lilikuwa na matundu mengi ya kuvutia.

"Lakini ng'ombe haikuwa ya mama," komanda akasema.

"Kamyo njo yangu. Aliniharibia. Naweza kushitaki?"

Uso wa komanda ulifunguka. Mwenye kamyo kumshtaki dereva wake, hilo lilikuwamo katika sheria, tena kwa herufi kubwa. Akavuta karatasi ya PV, akaandika jina la posti, akanyoosha kalamu.

"Mama, unamushitaki nini?"

"Taa."

Alingojea. "Na nini?"

"Na ile bati ya mbele."

Kalamu haikushuka. Komanda alikuna kichwa, na nikaona aibu inampanda, aibu ya mtu mwaminifu, ambayo ni usumbufu mtupu. "Mama, mi nilifunga mutu kwa kasho. Parke ikisoma kwamba ni juu ya taa moja, batasema mama na mutoto balikuja kunichezea. Batavunja ile PV, na mi batanifukuza. Inaomba kitu cha uzito. Na iwe ya kweli, mama. Uongo siandike."

Nilimchukia. Nilikuwa tayari kumtungia uongo mzito kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na mashahidi. Nikafungua mdomo, na Mama akanizuia kwa mkono wenye rozari.

Alikaa anaitazama ile mbao ya kasho. Kaka alikuwa nyuma ya mbao hiyo, karibu kiasi kwamba tulimsikia anageuka juu ya majani.

"Andika," Mama akasema. "Andika kwamba nilimupatia kamyo, na nilimupatia baba yake. Alinirudishia kamyo."

Nje jogoo wa mtu alikuwa anawika ovyo. Komanda alinitazama mimi, kana kwamba nina diploma ya mambo hayo pia. Hakuandika.

"Hii iko kweli?" akauliza.

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema ilikuwa ajali. Sauti ya kaka ikatoka kwenye mbao.

"Iko kweli, komanda. Nilimuona baba mu kioo ya pembeni. Alikuwa anakuja mbio, anapunga mukono, anaita jina yangu. Niliogopa. Sikusimama." Akakohoa. "Andika vile mama anasema."

Sikuwa nimejua. Miaka yote ile nilikula naye sahani moja, nikamtania breki zake, nikamwita dereva wa magunia, na yeye alikuwa na kioo kile mbele ya macho kila siku. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimkasirikia, na nilimkasirikia Mama zaidi kwa kuchagua saa ile. Mtu hawezi kukaa kimya misimu yote ile kisha aanze kusema wakati magari ya basoda yako njiani.

Komanda aliandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, na alipomaliza alisoma kwa sauti, na Mama akakubali kwa kichwa. Sasa tulikuwa na mlalamikaji na kosa lenye uzito. Kilichobaki kilikuwa neno moja.

"Haya, mama. Unaondoa mashitaka?"

Mama aliisogeza sufuria ya ugali kwa mguu.

Nilidhani hakusikia. Komanda naye alidhani hivyo, akarudia. Mama alikuwa ameikamata rozari, lakini hakuwa anasali. Niliijua midomo yake inaposali. Kutoka bondeni tulisikia injini, moja kisha nyingine, zinazunguka kona za kupanda. Nikasema, "Mama." Nikasema tena, kwa ukali ambao sikuwahi kumtolea. Nilimwogopa siku ile kuliko basoda. Niliona wazi kwamba anaweza kukataa, kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba mimi na sheria nzuri ya komanda ndio tuliomfikisha pale.

Magari yalibadilisha gia.

"Naondoa," akasema.

Komanda aliandika mbio, safari hii mwandiko ukaharibika. Mama akatia sahihi yake ya dukani, ile ya kona tatu. Komanda akachukua ufunguo, akafungua kasho, na kaka akatoka na majani kichwani, macho yamevimba, anakwepa kututazama.

"Tia sahihi hapa," komanda akamwambia. "Hapa, unakubali kwamba aliondoa. Mbio, ndugu yangu."

Kaka alishika kalamu. Hakutia sahihi. Injini zilikuwa zimefika kwenye mwinuko wa mwisho, ule wenye matope, na mimi ningemng'ata mkono kama ungekuwa karibu. Aligeuka kwa Mama.

"Mama, unaondoa kwa sababu ya basoda, ao unaondoa kweli?"

Mama alimtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu yale mafuta yaliposhushwa.

"Kushitaki, nilishitaki kwa sababu ya basoda," akasema. "Kuondoa, naondoa kweli."

Kaka aliinama mezani akatia sahihi, na komanda akamshikia karatasi.